Sahani Zilizokombwa kwa Mkate

Wiki iliyopita mjukuu wangu, anayejinyima wali ili gauni la harusi limkae, alinisomea kutoka kwenye simu siri za Wafaransa. Wanakula kidogo, wanakula taratibu, wanakaa mezani, hawatafunitafuni ovyo mchana, na hawanenepi. Nilimwambia azime hiyo simu. Siri hizo nilifundishwa Kinondoni nikiwa na miaka kumi na miwili, na mwalimu wangu alikuwa mama.

Mama alikuwa mpishi wa Wafaransa wawili, mume na mke, waliokuwa wakikaa Kunduchi. Mume alikuja kusaidia mambo ya maji. Mke, ambaye mama alimwita Madamu, alishinda nyumbani. Ilikuwa miaka ya unga wa njano, wa mgawo. Tulipanga foleni kwenye duka la ushirika tangu alfajiri, karatasi ya balozi wa nyumba kumi mkononi, na siku nyingine tulirudi na kiberiti tu. Baba alikuwa amekwenda kwao Lindi kuingia kijiji cha ujamaa. Alisema akishapata nyumba atatuita. Hakutuita.

Jioni mama alirudi na mambo ya Madamu. Alitukalisha mkekani, mimi na mdogo wangu wa kike, kila mmoja na sahani yake badala ya sinia moja. Kwanza kikombe cha supu, yaani maji yaliyochemshiwa mchicha. Tukimaliza, tunangoja. Halafu ugali, kipande cha ukubwa wa ngumi ya mtoto. Halafu mchicha wenyewe, peke yake.

"Tonge likishaingia mdomoni, mkono pajani," alituambia. "Ongeeni kwanza. Madamu hali kama mtu anayefukuzwa."

Tulicheka mpaka tukapaliwa. Nilikuwa mtu mzima kabla sijaelewa kwamba mama aliurefusha mlo kwa sababu hakuwa na namna ya kuuongeza.

Yeye hakula. "Mie nimekula kazini," alisema, nasi tukaamini, maana mtaa mzima ulijua mpishi wa Wazungu hafi njaa. Kwetu mgeni mwenye adabu hakombi sahani. Anabakiza kidogo, cha yule aliyepika. Mama aliichukua kazi ile akitegemea hicho kidogo. Majirani walipomwona anakonda walianza kunong'ona kwamba ana maradhi, na mimi nikawajibu kwa kiburi.

"Mama hajakonda. Anakula Kifaransa."

Likizo moja alinichukua Kunduchi nimsaidie kufua mapazia. Nilisimama kwenye mlango wa jiko na kuwaona wale wawili wakila samaki. Samaki walikuwa wawili, viazi vya kuwatosha wawili. Walikula polepole, wakaongea, wakaweka uma chini, kila kitu kama mama alivyotufundisha. Mwishoni Madamu alichukua kipande cha mkate, akakizungusha kwenye sahani mpaka mchuzi wote ukaisha, akakila. Mume naye vilevile. Sahani zilirudi jikoni zinang'aa. Kwenye sufuria hamkuwa na kitu, kwa sababu Madamu mwenyewe ndiye aliyepima vya kupika, na kutupa chakula alikuona dhambi.

Nimejaribu miaka yote kumchukia, nikashindwa. Hakuwa mchoyo. Nadhani kwao kumpa mtu mabaki ni kumdhalilisha, na hakuna aliyemwambia kwamba kwetu kuyamaliza ni kumnyima. Kwa mama, heri kuanguka kuliko kuomba chakula. Siku ile, baada ya kula, Madamu alikuja jikoni, akamshika mama kiuno, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, "Mama yako mwembamba. Yeye anajua kula."

Mama alicheka kwa adabu. Tulipokuwa tukianika mapazia akaninong'oneza, "Usimwambie mdogo wako."

Jioni ile nilibakiza nusu ya ugali wangu, nikasema nimeshiba. Mama aliufunika, na asubuhi akampa mdogo wangu. Nilifanya hivyo siku nne. Siku ya tano njaa iliniuma, nikala wote, na sikubakiza tena.

Kabla masika hayajaisha mama alianguka jikoni kwa Madamu. Walimleta nyumbani kwa gari lao. Majirani wale wale walionong'ona walileta uji wa mchele na supu ya kuku, sijui kuku walimpata wapi. Nilimlisha. Alimeza kijiko kimoja, akaweka mkono pajani, akangoja.

"Mama, kula! Kipo kingine!" Nilimfokea mama yangu, mgonjwa, kitandani.

Alimeza vitatu. "Nimeshiba," akasema. "Mpe mdogo wako."

Tulimzika baada ya siku mbili. Madamu alikuja msibani, akavua viatu, akakaa mkekani pamoja na wanawake, macho yamemwiva kwa kulia. Walimpa sahani ya wali. Alikula vijiko viwili, akashindwa, akanisogezea ile sahani ikiwa bado imejaa. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kubakiza chakula, nijuavyo mimi.

Mdogo wangu alikuwa amenishika gauni, anaiangalia. Nikaipokea sahani kwa mikono miwili, nikageukia ukutani, nikaula ule wali wote haraka, kama mtu anayefukuzwa, mpaka nikaikomba.