Ng'ombe wa Nailantei Ukutani

Ng'ombe wa mwisho wa Nailantei kufa, wakati wa ule ukame mbaya, aliitwa Nanyokie kwa sababu ya wekundu wake. Alianguka karibu na boma, huko Oltepesi. Nailantei alishika mkia, jirani yake Parmuat akashika pembe, na watu wengine wawili wakaingiza mikono chini ya tumbo. Walimwinua, akasimama akitetemeka, akaanguka tena. Kidroni, kile chombo cha kupigia picha angani, kilikuwa kinavuma juu yao kama nyuki. Hakuna aliyeinua kichwa kukitazama. Nanyokie alikufa hapo hapo.

Mvua ilikuwa imerudi, na Nailantei alikuwa ameanza tena na mbuzi, wakati binti yake Soipan, anayefanya kazi supamaketi Kitengela, alipomwita mjini. Akampeleka kwenye hoteli mpya ya nyama choma ya mtu aitwaye Gitonga.

Humo ndani, picha moja ilijaa ukuta mzima. Juu na chini ilikuwa ukungu mtupu; katikati tu ndipo palipoonekana wazi. Miti ilifanana na vipande vya sponji, boma lilitoshea kiganjani, na vijitu vinne vya rangi kali viliinama juu ya kijing'ombe chekundu kinachong'aa kama plastiki.

"Cute sana!" alisema mwanamke wa meza ya jirani, mfupa mkononi. "Kama toy za mtoto wangu."

Nailantei naye alitabasamu. Alidhani ni vitu vya udongo, vile watoto hufinyanga machungani. Kisha akamwona yule mdogo aliyeshika mkia, amejifunga leso ya kijani juu ya shuka, mguu mmoja hauna kiatu.

"Yeyo, ni nini?" Soipan akamuuliza mama yake.

"Huyo ni mimi."

Alisukuma sahani mbali, na harufu ya mafuta ikamfuata.

Gitonga akaja. "Mama, chakula iko na shida?"

"Hiyo picha. Hiyo ng'ombe ilikuwa inakufa."

Gitonga akacheka. "Hapana, mama. Hiyo ni vitu vidogo vya kutengeneza. Mwenye alipiga ako hapa, atakuambia." Akaita, "Austin!"

Austin Ondiek, kijana mpiga picha aliyepanga chumba karibu na hapo, alitoka meza ya pembeni akipangusa mikono. Alifurahi kuulizwa kama vitu hivyo ni vya kutengeneza.

"Ni watu wa ukweli," alisema. "Nilirusha droni, halafu nikaedit. Unatia ukungu juu na chini, unaongeza rangi, jicho inadanganyika inaona kitu kidogo."

"Na ulitaka tukuwe wadogo kwa nini?"

Austin alikuna shingo. "Watu wanapenda."

"Nionyeshe vile ilikuwa."

Aliitafuta kwenye simu. Vumbi lilikuwa la kijivu. Mbavu za Nanyokie zilihesabika, ulimi umetoka nje, na Nailantei mwenyewe alikuwa ameachama akilia. Watu wa meza ya jirani walichungulia. Yule mwanamke akaweka mfupa chini.

"Weka hii ukutani," Nailantei akamwambia Gitonga.

"Ai, mama. Nani atakula akiangalia hiyo?"

"Na hiyo ingine, wanakula aje?"

Gitonga akageuka kupangusa meza ambayo haikuwa chafu.

"Pole, mama," Austin alisema kwa sauti ya chini. "Sikujua."

"Ulikuwa juu. Ulituona wote."

Nailantei alitoka nje akatapika kwenye mtaro, Soipan akimsugua mgongo, na hata baada ya kusukutua maji bado alihisi utando wa mafuta kwenye ulimi. Jioni hiyo Austin alimpigia Soipan simu, akasema ameifuta picha kwenye ukurasa wake wa mtandaoni. Gitonga hakuigusa ya ukutani. Alisema hawezi kubandua picha ukutani kwa sababu ya ng'ombe aliyekwisha kufa.

Nailantei hakulala Kitengela zaidi ya usiku huo. Aliporudi, Parmuat alikuja kumsalimia.

"Mji ulikuwaje?"

"Walitufanya vitu vya kuchezea, wakatuweka mahali watu wanakulia nyama. Wewe pia uko. Umeshika pembe."

Parmuat alicheka, akidhani ni mzaha. Nailantei alitema mate kwenye vumbi, akavuta mbuzi karibu, akaanza kukamua.