Dizeli Haina Plagi

Lori la kwanza la dizeli lilipoletwa kwenye gereji yetu pale Mbeya, nilifungua boneti nikatafuta plagi. Nilitafuta kwa heshima zote za fundi mkuu, mikono nyuma, wenzangu wasijue kwamba natafuta. Miaka kumi nimefufua malori ya petroli kwa kusikiliza mlio tu, leo nimeletewa injini isiyo na plagi wala kabureta!

Msimamizi wetu, Mwingereza aliyekaa huku mpaka akajua kumwamkia Mhehe na Msafwa kila mmoja kwa lugha yake, alinikabidhi vitabu viwili. "Lifanyie sevisi, Jumatatu liende Iringa," akasema. "Ukishindwa, nitaagiza fundi mkuu mwingine kutoka Dar es Salaam." Alisema kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko makelele.

Kitabu cha kwanza kilikuwa cha Kiswahili, cha wanaoanza. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya spana, na chini yake: Hii ni spana. Wa pili ulinishauri ninawe mikono. Nilijiona nimetukanwa, nikakitupa kwenye kiti cha dereva. Cha pili, cha Kiingereza, kiliandikwa kwa wahandisi, kimejaa hesabu zenye herufi nyingi kuliko namba. Nilikisoma siku tatu nikitikisa kichwa, kama tulivyokuwa tukiitikia misa ya Kilatini kule misheni ya Tosamaganga, bila kuelewa neno. Kitabu cha mtu anayeijua kazi ila haijui injini hii, hakuna aliyekumbuka kukiandika.

Jumatatu asubuhi nikafanya nilichokijua: nikafungua filta ya mafuta, nikaisafisha, nikairudisha. Lori lililokuja likiwaka vizuri likagoma. Nilipiga stata mpaka betri ikachoka. Niliogopa, sitaficha.

Dereva wake alikuwa Mngoni, nami Mhehe, kwa hiyo mtani wangu. Kwa utani wa makabila yetu aliniita mla mbwa hata mbele ya wakubwa, nami nikamwita mkimbizi, maana babu zao walikuja wakikimbia vita vya kusini, na hakuna aliyenuna. Akaja na kile kitabu cha spana mkononi.

"We mla mbwa, umesoma ukurasa wa kumi na mbili?"

"Mimi nasoma vya wakubwa."

"Basi hiki cha watoto kinasema ukifungua filta, upepo unaingia kwenye paipu. Mpaka uutoe ndiyo linawaka."

Alikuwa amekisoma chote, kuanzia spana, maana hakuwa na ujuzi wa kumrukisha kurasa. Akasoma kwa sauti, nami nikalegeza nati aliyoionyesha. Akapampu mafuta kwa mkono. Yakatoka mapovu, kisha mafuta matupu. Nikakaza, tukalisukuma mteremkoni, likawaka.

Msimamizi akatoka ofisini mbio. "Hongera, fundi! Nani kakufundisha?"

"Dereva," nikasema. "Mimi nilishindwa. Huyu Mngoni ndiye aliyeliwasha."

Msimamizi akacheka mpaka akashika mbavu. "Nyie na utani wenu!" Akanipiga begani, akarudi ndani, na ukuu wangu ukabaki salama.

Ningeweza kumfuata nimwambie tena. Sikumfuata. Nilimgeukia mtani wangu nikisubiri matusi, na siku ile nilikuwa nayahitaji. Akapanda, akafunga mlango taratibu.

"Kwaheri, fundi," akasema.

Tangu siku hiyo hakunitania tena.