Swali la Nane

Nimepita miaka arobaini, nimehama miji mingi, na mpaka leo nikiona karatasi yenye visanduku vya kujaza namba, damu hunichemka.

Nilikuwa karani kwenye shamba la ngano Timau dada yangu aliponiandikia barua fupi: njoo umwone mama. Baba alikuwa amezikwa miezi mitano kabla ya hapo. Nilifika nyumbani, nje kidogo ya Nyeri, nikamkuta mama ameketi jikoni mbele ya moto uliozimika. Kahawa ilikuwa imeiva ikakauka mitini hadi ikawa nyeusi. Mama yule aliyekuwa akifika kiwandani na debe lake kabla ya watu wote! Majirani walisema amekuwa mvivu. Ni wale wale tulioimba nao kanisani, waliokula kwetu siku ya mazishi.

Nikampeleka hospitali moja ndogo mjini. Muuguzi, kijana wa rika langu, alinipa karatasi ya Kiingereza yenye maswali tisa kuhusu hali ya moyo na akili. Mgonjwa alitakiwa ajipime mwenyewe: sifuri kama jambo halimsumbui kamwe, tatu kama linamsumbua kila siku.

"Umesoma wewe?"

"Kidato cha nne."

"Basi mwulizie mama yako. Maswali ni tisa tu. Mimi niko na watu wengi, si unaona?"

Karatasi inasema mtu ajipime mwenyewe, yeye anamkabidhi mwanawe! Tena pale pale kwenye benchi, wanawake sita wametega masikio.

Nikaanza na usingizi.

"Nalala kidogo, baba," mama akasema. Aliniita hivyo tangu nizaliwe, kwa sababu nilipewa jina la baba yake, kama ilivyo desturi kwetu.

"Na chakula?"

"Namshukuru Mungu."

"Mama, hiyo si sifuri wala si tatu."

"Basi andika nashukuru."

Benchi lote likacheka. "Mwandikie amepita mtihani, mwende nyumbani!" mmoja akasema.

Swali la nane liliuliza kama mtu hutamani asiwepo tena duniani. Kwetu mtoto hamtajii mzazi kifo chake. Ni kama kumwombea afe. Nililiruka. Nikaandika sifuri kwa mkono wangu, nikaenda la tisa.

Muuguzi alijumlisha akiwa amesimama. "Tano. Mama ako sawa. Ni kuwaza tu. Mpeleke nyumbani apumzike."

Apumzike! Mtu ambaye kwa miezi mitano hakuwa amefanya kingine.

Tulipofika langoni mama akasimama.

"Yule kijana alisema maswali ni mangapi?"

"Tisa."

"Nimehesabu kwa vidole. Umeniuliza manane."

Nikatazama viatu vyangu. "Mama, lile siwezi."

"Mwanangu hawezi, sawa. Basi niulize kama baba yangu. Yeye angeniuliza."

Niligeukia ua wa michongoma, nikauliza bila kumtazama.

"Kila asubuhi," akajibu, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi. "Nikisikia ng'ombe akilia akamuliwe, natamani nisingeamka."

Nilimshika mkono, jambo ambalo sikuwa nimefanya tangu utotoni, tukarudi ndani.

"Nyinyi tena? Faili nimefunga," muuguzi akasema.

"Ifungue. Sifuri hii ya nane ni yangu, si yake."

"Ungesema mapema, ndugu."

"Na wewe ungemwuliza mwenyewe! Hata daktari wa mifugo hamwachii ndama ampime mama yake!"

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Nilimkasirikia yeye, nikakasirikia lile benchi, na zaidi ya wote niliukasirikia mkono wangu ulioandika. Kama mama hangekuwa mtu wa kuhesabu, ningemrudisha kwenye lile jiko baridi, kisha mimi nipande gari nirudi Timau na roho safi.

Nikakata sifuri ile kwa kalamu, nikaandika tatu. Muuguzi aliitazama. Kisha akafungua chumba cha ndani, akavuta viti viwili. "Karibu, mama. Ukae hapa, tuanze upya."

Nikaanza kuwafuata.

"Wewe ngoja nje," akaniambia, akafunga mlango.

Nikarudi kwenye benchi. Wale wanawake wakanisogezea nafasi, na safari hii hakuna aliyecheka.