Jina la Babu Katika Daftari la Misheni

Nilipostaafu ualimu, ukoo wetu ulinipa kazi ya kuandika historia yake. Sie ni watu wa kusini, lakini wengi wetu tulihamia Dar zamani, na kwenye kila harusi na msiba tulijitambulisha hivyohivyo: ukoo wa jumbe. Nikaifurahia kazi. Kwa wiki kadhaa nilikuwa natoka Kimara asubuhi kwenda maktaba mjini, nasoma vitabu vya kale na ripoti za wilaya, namtafuta babu mzaa baba, huyo jumbe wetu.

Kwenye orodha za majumbe hakuwemo. Mkutubi, mama mmoja mpole, akaniletea kitabu kilichonakiliwa kutoka madaftari ya misheni ya kwetu. Humo nikamkuta. Jina lake la ubatizo, jina lake la nyumbani, na sikio la kushoto lililokatika ncha, ambalo nililichezea utotoni nikiwa nimepakatwa. Mbele ya jina iliandikwa kwamba ni mtoto wa miaka ipatayo saba, amekombolewa kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa, na kwao hakujulikani.

Nikakifunga kitabu.

"Umempata, mwalimu?" mkutubi aliuliza.

"Hamna kitu," nikamjibu.

Kilichonifanya niseme uongo hakikuwa utumwa wa babu peke yake. Karibu miaka thelathini nyuma, mdogo wangu wa kike aliletewa posa na mchonga vinyago wa Mtoni, kijana mtaratibu. Wazee wakanong'ona kwamba bibi wa kijana huyo alikuwa mtumwa. Mie, msomi wa familia, ndiye niliyesimama na kusema kwa sauti: "Damu ya jumbe haichanganywi na ya mtumwa." Posa ikarudishwa. Mdogo wangu hajaolewa mpaka leo.

Nyumbani nikaandika kwamba babu alitoka bara kutafuta elimu. Kwa siku nne sentensi ile ilikaa mezani na sikuweza kuandika ya pili. Siku ya tano nikaenda Ukonga kwa shangazi, mtoto wa mwisho wa babu, ambaye mdogo wangu anaishi naye na kumtunza.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba."

Alikuwa anachambua mchele. Nikamuuliza kama babu alikuwa mtumwa.

"Alikuwa mtoto aliyeibwa," akasema bila kuinua uso. "Alinisimulia mwenyewe. Siku ile unasema maneno yako, nilikuwa nimekaa nyuma yako."

"Mbona hukunizuia?"

"Niliogopa kuaibika. Hilo nitalijibu mie. Lako lijibu wewe."

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, ameshika mwiko. Alikuwa amesikia yote. Nikamwambia nilimkosea. Nilitaka kupiga magoti, lakini hata hilo niliona nitakuwa najionyesha.

"Kaka, yule bwana ana watoto wanasoma chuo sasa," alisema taratibu. "Unataka mie niseme nini?"

Akarudi kugeuza mboga. Tulipokuwa tunakula ndipo aliponiuliza kitabu kiko wapi.

Jumatatu tukaenda pamoja. Nilimwomba mkutubi radhi kwa kumdanganya, naye akatutafutia ukurasa. Mdogo wangu aliufuata mstari wa babu kwa kidole, akausoma mara mbili.

"Uandike hivihivi ulivyo," akasema. "Na posa yangu uiandike. Na uliyoyasema."

Nimeyaandika. Niliyasoma mbele ya ukoo, na kabla sijamaliza wazee wawili walishatoka nje. Mmoja hanisalimii hadi sasa. Mdogo wangu alikaa mpaka mwisho, akasaidia kukusanya vikombe, akaondoka na shangazi. Hunipigia simu pale shangazi anapohitaji kupelekwa hospitali. Mengine hatujayazungumza, na sijapata ujasiri wa kumuuliza kama amenisamehe.