Daraja Lilikuwa Zima

Kisa hiki alinisimulia shangazi yangu, Idi iliyopita, aliporudi Kasongo kutoka Salamabila.

Mwendesha pikipiki aliyembeba aliwahi kuanguka na abiria darajani. Tangu hapo, kila akifika kwenye daraja la magogo, alishusha abiria, kisha yeye mwenyewe alishindwa kuvuka. Alijifanya anakaza mnyororo, jasho likimtoka. Wateja walianza kumkimbia.

“Mama, shuka. Daraja iko mubaya,” alimwambia shangazi siku hiyo.

Shangazi alishuka, akapiga kisigino juu ya magogo. “Daraja iko nguvu. Ni mikono yako njo inatetemeka. Uliona muganga wa hospitali?”

“Nitamuambia nini? Naogopa miti? Wenzangu watanicheka.”

“Basi tusukume wote wawili. Hapa hakuna kupanda.”

Walisukuma, wakavuka. Daraja lililofuata dereva alisukuma peke yake. La mwisho alivuka amepanda, taratibu, shangazi akitembea mbele bila kugeuka nyuma. Baadaye dereva alikwenda kwa muuguzi wa Kabambare, akaambiwa hofu hiyo inatibika, aendelee hivyo hivyo, kidogo kidogo.

Sisi abiria hukagua breki na matairi kabla ya safari. Dereva hatumuulizi kitu.

Shangazi tumemzika mwezi uliopita. Dereva yule yu hai. Ndiye aliyewaleta mazikoni ndugu zetu kutoka Wamaza, akivuka madaraja yote amepanda.