Kofia ya Mwandawiro

Ndugu yangu Mwandawiro alikufa vitani Burma mwaka wa 1944. Kilichobaki kwake nilikimaliza mimi mwenyewe mwaka wa 1958, pale Voi, kwa mvuke wa birika.

Naandika kama ilivyokuwa.

Nilikuwa karani wa reli, umri miaka ishirini na moja, sina mke. Starehe yangu ilikuwa kofia kuukuu za sare. Tarbushi za askari wa KAR, helmeti, kofia za walinzi wa treni. Nilizifuata hadi Taveta, kwa watu waliokuwa wakitagishia kuku ndani yake. Nazipiga brashi, nazipa mvuke, nashona ngozi mpya ya ndani, halafu nazivalisha kichwa cha mbao nilichochonga, zikauke na umbo.

Abdulghani, tuliyekaa naye kwenye nyumba za reli, hakuniacha.

"Zephaniah, una kofia kumi na moja na kichwa kimoja. Mke utamweka wapi?"

"Juu ya kabati."

"Haya bwana. Lala na helmeti zako."

Ya kumi na mbili ilikuwa ya Mwandawiro. Kofia ya feliti, ile sufu iliyoshindiliwa, ukingo mpana, upande mmoja umekunjwa juu. Mwenzake wa vitani, Nzioka, aliileta kwetu Wusi vita vilipokwisha. Mwili haukuja.

Mama aliiweka kikapuni miaka kumi na tatu. Imebonyea, ina jasho kavu, inanuka.

Mimi nilikuwa na miaka saba alipokufa. Sura yake siikumbuki. Nilitaka Mama awe na kitu kizuri cha kutazama.

Nikaichukua siku Mama yuko kanisani, bila kumwambia.

Niliishughulikia wiki mbili. Ilipokauka, hata Abdulghani alikosa mzaha.

"Hii hata DC angeivaa," akasema.

Jumamosi nikapanda basi. Nilimkuta Mama uani na Baba Mdogo Mwadime. Vikapu vyote vimemwagwa nje.

"Umeichukua wewe?" Mama akauliza.

Nikafungua karatasi, nikampa.

Hakuitazama. Aliingiza mkono ndani, vidole vikazunguka polepole. Mbele, nyuma, mbele tena.

"Kichwa chake kiko wapi?"

Sikuelewa.

"Hapa nyuma palikuwa pametokeza. Kisogo chake. Mkienda shambani nilikuwa naitoa kikapuni, nakishika."

Baba Mdogo ndiye aliyenieleza. Watu wetu wa zamani walikuwa wakiweka mafuvu ya wazee waliokufa mwambani, pangoni, ukoo mzima pamoja. Mwandawiro hakuwa na kichwa cha kuwekwa. Mama alikuwa ameomba miaka mingi, na sasa wazee wa ukoo wamekubali: kofia iende, kwa kuwa imeshika umbo la kichwa chake.

Ilikuwa iende kesho yake asubuhi. Mchungaji hakuambiwa.

"Nitairudisha ilivyokuwa," nikasema. "Mama, nionyeshe tu kisogo kilikuwaje."

Akainua mikono miwili, akajaribu kukichora hewani. Akaiteremsha.

"Bila kofia mikono haijui."

Baba Mdogo akaichukua, akaigeuza.

"Uliikaushia juu ya nini?"

"Kichwa cha mbao."

"Kipimo cha nani?"

Nilipochonga, kichwa nilichokuwa nacho karibu kilikuwa changu.

"Ivae."

Nikaivaa. Ikakaa yenyewe, wala haikusukumwa.

"Hiki ni kichwa chako, Zephaniah. Mwambani hatuweki mtu anayepumua."

"Basi Mwandawiro atangoja," Mama akasema, akaingia jikoni kukoroga uji.

Hakulia. Mimi pia sikulia. Tulikunywa uji.

Mama alikufa mwaka wa 1971. Hadi hapo, kila nilipokwenda Wusi alinishika kisogo, vidole vikazunguka mara mbili, kisha akaniachia.

Zile kofia kumi na moja nilimpa Abdulghani. Hii ninayo. Sasa nina miaka themanini na minane, na nimewaambia wanangu: mimi nizikeni kikanisa kama watu wengine. Kofia ipelekeni mwambani. Wakati huo haitakuwa na mtu anayepumua ndani yake, na Mwandawiro atapata kuingia.

Wewe unayesoma, ukikuta nyumbani kitu cha marehemu, kichafu, kimebonyea, usikifue. Uliza kwanza ni nani huwa anakishika.