Mwanamke wa Kitenge cha Njano Kwenye Treni ya Tabora

Mwanamke ambaye kwa mila zetu siruhusiwi hata kumpa mkono alinikaba koo ndani ya ngome ya Wajerumani, Tabora, saa nne asubuhi, mke wangu akiangalia.

Sio mchepuko. Tulia nikupe mkanda mzima.

Ilikuwa mwaka tisini na tano. Mimi naitwa Nashoni, mchimbaji wa dhahabu wa Genkuru, kule Tarime. Enzi hizo kila mwenye sururu alikuwa tajiri mtarajiwa, na wengi wetu tuliishia kwenye kutarajia.

Mke wangu Mokami nilimpata kwa ahadi. Alipokuwa darasa la tatu, mwalimu wao aliyetokea Tabora aliwasimulia habari za treni, za hoteli ya zamani iliyojengwa na Wajerumani, na za ngome yao yenye kuta nene. Hakusahau. Wakati namtongoza akaniuliza, "Ukinioa, utanipeleka?"

Nikamjibu, "Hata kesho."

Hiyo kesho ilichukua miaka minane.

Siku duara letu, yaani shimo letu la kuchimba, lilipotema dhahabu, nilijua nikikaa wiki moja zaidi ndugu wote watanijia na shida zao, na ahadi itakufa moja kwa moja. Nikamwambia Mokami tunaondoka Jumatatu, ila watu tuwaambie tunakwenda hospitali Mwanza.

"Na mama yangu?"

"Hasa mama yako."

Nielewe hapo. Mkwe wangu, Mama Rubeni, hakunikubali tangu mwanzo. Alisema wazi kwamba mchimbaji haoi, anaazima. Halafu kwetu mama mkwe huna mchezo naye. Humpi mkono, huli naye, hulali naye paa moja. Ukimwona njiani unakata kona kupitia vichakani. Tuliheshimiana kwa umbali, na huo umbali ulitufaa wote.

Siri nilimwambia mtu mmoja tu, Simioni, niliyekuwa nachimba naye.

"Tabora, mura? Na mke?" Akaniangalia muda mrefu.

"Na mke. Funga mdomo."

"Nimefunga," akasema.

Kwenye basi kutoka Tarime, kiti cha nyuma kabisa, kulikuwa na mwanamke amejifunika kitenge cha njano gubigubi, jicho moja tu liko nje. Sikumjali, nikajua anaumwa meno.

Stesheni ya Mwanza, yuleyule. Amejibanza nyuma ya nguzo. Nikigeuka, naye anageukia ukuta.

Nikapata baridi. Nilikuwa nimeshonea kipande kidogo cha dhahabu kwenye mkanda wa suruali, na mjini nilishasikia kwamba wezi wanatuma wanawake. Miaka minane ya kusubiri, halafu mwizi aje kutuharibia safari stesheni? Nikamshika Mokami mkono.

Sasa mwanaume wa kwetu hashiki mkono wa mkewe hadharani. Anatangulia mbele, mke anafuata na mzigo. Mokami aliuangalia ule mkono, akaniangalia usoni.

"Unaumwa?"

"Twende tu."

Tulipata chumba cha daraja la kwanza, vitanda viwili na sinki lisilotoa maji. Mokami aliganda dirishani. Kila stesheni alisoma jina lake kwa sauti. Malya. Malampaka. Akanunua karanga, akanunua viazi, akanunua kuku ambaye hatukuwa na njaa naye. Kila baada ya stesheni mbili ananigeukia, "Baba, tunakwenda kweli." Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Shinyanga nikachungulia. Kitenge cha njano kimesimama mlangoni mwa behewa la daraja la tatu, jicho liko kwenye dirisha letu.

Mokami akatoka kununua chai. Alikawia, akarudi na kikombe kimoja.

"Cha pili?"

"Kimemwagika," akasema, akarudi dirishani.

Hoteli ilikuwa kama mwalimu alivyosema. Baraza pana, dari iko juu kabisa, sakafu unaona sura yako. Dada wa mapokezi, Mwantumu, alimwambia Mokami, "Karibu mheshimiwa," na Mokami akacheka mpaka akakaa juu ya begi. Alizunguka akigusa milango yote. Mimi nilikwenda dirishani. Ng'ambo ya barabara, kitenge cha njano kimekaa juu ya furushi lake.

Kesho yake ngomeni sikuuachia mkono wa Mokami hata dakika moja. Aliyetutembeza alikuwa Mzee Shamsudin, kanzu nyeupe, kofia, na funguo nyingi kiunoni. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatupeleka kwenye mlango mdogo wa mbao.

"Hiki kilikuwa chumba cha mahabusu," akasema. "Ni chembamba, mnaingia mmoja mmoja. Mama atangulie. Baba, wewe subiri nje na mimi."

Nikauachia mkono. Mokami akainama kuingia.

Hapo ndipo kitenge kiliporuka. Nilisikia viatu, nikasikia pumzi, halafu mikono miwili shingoni mwangu.

"Mtoe mwanangu," sauti ikasema. "Dhahabu yako haitakunywa damu yake."

Kitenge kikadondoka. Mama Rubeni.

Kumbe Simioni alifunga mdomo hadi saa kumi jioni. Alimwambia mkewe, mkewe akamfikishia Mama Rubeni: Nashoni amepata mali, anampeleka mke Tabora kimyakimya, watu wanadanganywa hospitali. Na machimboni kila mtu anajua mchimbaji anafuata nini Tabora. Waganga. Mama akajumlisha mwenyewe kwamba mtoto wake anakwenda kutolewa kafara. Na alipomwona mzee wa kanzu anasema mama atangulie chumbani, hesabu ikafunga.

"Mimi, mganga?" Mzee Shamsudin akauliza. "Mimi nimestaafu reli."

Mokami akatoka na utando wa buibui kichwani. "Mama, kuna popo tu humu."

Mama Rubeni akaiangalia mikono yake, akaona iko wapi. Aliitoa kwa kasi kana kwamba ameshika sufuria la moto, akageukia ukuta, akajifunika uso. Na mimi nikageukia ukuta wa upande wa pili. Mokami kabaki katikati.

"Mokami," mama akauambia ukuta, "mwambie mume wako nimekosa."

"Mwambie mama nimesikia. Na mimi nilikosea kumficha."

"Mwambie mbuzi wa kusafisha mwiko huu nitatoa mimi."

Mzee Shamsudin akatikisa kichwa. "Kuta hizi zimesikia mengi, lakini mtu na mkwewe kuongea nazo, hii ni mara ya kwanza."

Hatukuweza kumwacha barabarani, na paa moja haiwezekani. Mwantumu akatutafutia chumba kwenye jengo dogo la nyuma, lenye paa lake. Jioni mama alikuwa ameketi barazani kwake na chai ya maziwa. Alikuwa ameonyeshwa kengele ya kumwita mhudumu, na akaipiga mara nne kuhakikisha inafanya kazi.

Njia nzima ya kurudi alikuwa daraja la tatu kwa hiari yake, akiwasimulia abiria habari za ile kengele. Mimi nikamuuliza Mokami, "Hivi kweli hukumtambua mama yako?"

"Nilimtambua Mwanza. Kile kitenge nilimnunulia mimi."

"Na ile chai?"

"Nilimpelekea. Akaniambia yote ya kafara, anataka nishuke. Nikamwambia wewe hiyo akili huna. Hakuniamini, nikamwambia basi atufuate ajionee."

Nilikasirika. "Sasa kwa nini hukuniambia mimi?"

Akageukia dirishani. "Ungeuachia mkono."

Nikaushika tena.

Ndugu yangu, ukimtoa mtoto wa watu nyumbani, waambie unampeleka wapi. Na mkono wa mkeo usisubiri mpaka uogope mwizi.

Tuliposhuka Tarime, Simioni alikuwa stendi. Alimwona Mokami mzima wa afya, akamwona Mama Rubeni nyuma yetu na furushi lake, wala hakushtuka. Alikuwa anaangalia mikono yetu iliyoshikana.